Kutunza kadi za wateja wa duka la mtandaoni: shika ruhusa, namba waachie wenyewe

Mwenye duka mmoja aliniomba nimsaidie kupanga malipo ya kila mwezi ya wateja wake. Kabla hatujaongea lolote akanitumia faili la Excel. Safu ya kwanza jina, ya pili simu, ya tatu namba ya kadi, ya nne tarehe ya kuisha, na ya tano aliipa kichwa "zile tatu za nyuma". Faili lilikuwa na nenosiri, na nenosiri lenyewe lilikuwa kwenye ujumbe uleule. Hakuwa mtu mzembe. Wateja walichoka kuandika namba upya kila mwezi, wakamwambia "tunza tu", naye akatunza.

Ombi la wateja lilikuwa la haki. Njia ndiyo mbovu. Mteja anayesema "tunza kadi yangu" anakupa ruhusa ya kukata pesa siku nyingine, basi. Ruhusa hiyo ndiyo unayopaswa kuishika vizuri, kwa maandishi na kwa tarehe. Namba ya kadi ina watu wenye mitambo na wakaguzi wa kuilinda, na nitaeleza namna ya kuwaachia kazi hiyo huku mteja wako akiendelea kulipa kwa kubofya mara moja.

Kinachoruhusiwa kubaki

Kila biashara inayopokea kadi inabanwa na masharti ya usalama wa data za kadi yaitwayo PCI DSS. Yalitoka mara ya kwanza mwaka 2004, na tangu 2006 yanasimamiwa na baraza lililoanzishwa na Visa, Mastercard, American Express, Discover na JCB. Toleo la 4.0.1 lilitoka 2024. Huenda hujawahi kuyaona, lakini kwa kawaida mkataba uliosaini ili upokee kadi unakufunga nayo.

Kwa ufupi yanasema hivi. Namba ya kadi inaweza kutunzwa kukiwa na sababu ya kibiashara, mradi isisomeke popote ilipolala: iwe imesimbwa, funguo za usimbaji zikae mbali nayo, na anayeifikia ajulikane. Jina la mwenye kadi na tarehe ya kuisha havina shida kubwa vikiwa peke yake bila namba. Lakini zile tarakimu tatu za nyuma, yaani CVV (kwa American Express ni nne, tena ziko mbele), data ya mkanda wa sumaku na namba ya siri havitunzwi kabisa baada ya benki kujibu ombi la malipo. Hata ukizisimba. Hata mteja akikuandikia barua ya kukuruhusu. Hapo hakuna mjadala, na safu ya tano ya yule rafiki yangu ilikuwa kosa tangu siku aliyoichora.

Hatua ya 1: Amua kadi inabaki kwa kazi gani

Usiruke hatua hii ukidhani ni maneno tu. Benki hutofautisha malipo ambayo mteja yupo na anabofya mwenyewe, na malipo ambayo wewe unayaanzisha yeye akiwa amelala. Kundi la kwanza ni mteja anayerudi dukani na kuchagua kadi yake iliyoko tayari. Kundi la pili lina usajili wa kila mwezi, ununuzi unaolipwa kwa awamu, na yale yasiyo na ratiba: salio likishuka chini ya kiwango fulani mfumo unaongeza wenyewe.

Ruhusa ya kazi moja haihami kwenda nyingine. Mteja aliyekubali kadi yake ibaki ili asichoke kuandika namba hajakubali ukate usajili. Andika mapema unataka lipi, kwa sababu kila hatua inayofuata inategemea jibu hilo.

Hatua ya 2: Safisha ulichonacho

Hii ndiyo hatua inayochukua muda kuliko zote, na watu wengi huikwepa kwa sababu hawajui namba zimejificha wapi. Zimejificha hapa: barua pepe za wateja waliotuma picha ya kadi, mazungumzo ya WhatsApp ya dawati la huduma, fomu za "maelezo ya ziada" ambako mteja kaandika namba kwa hiari yake, rekodi za simu, karatasi, nakala za akiba za hifadhidata, na logi za seva.

Logi ndizo hatari zaidi, maana huzijaza mashine na hakuna anayezisoma. Shirika la ndege la British Airways liliposhambuliwa mwaka 2018, uchunguzi wa mamlaka ya Uingereza ya ulinzi wa data ulikuta kwamba mfumo mmoja ulikuwa ukiandika taarifa za kadi kwenye logi bila kuzisimba. Ilikuwa ni zana ya majaribio iliyopaswa kuzimwa kabla mfumo haujaanza kazi. Ikasahaulika ikiwa imewashwa tangu Desemba 2015. Faini waliyotozwa mwaka 2020, kwa shambulio lote, ilikuwa pauni milioni 20.

Kutafuta namba kwenye mafaili makubwa, tafuta mfululizo wa tarakimu 13 hadi 19, ukihesabu pia zilizotengwa kwa nafasi au vistari. Utapata takataka nyingi: namba za simu, za oda, za mizigo. Chuja kwa hesabu ya Luhn, iliyobuniwa na Hans Peter Luhn wa IBM, ambayo namba za kadi hufuata. Chukua namba ya majaribio inayojulikana na kila fundi wa malipo, 4111 1111 1111 1111. Anza kulia kwenda kushoto. Kila tarakimu ya pili izidishe mara mbili, na jibu likizidi 9 toa 9. Hapa ile 4 inakuwa 8, zile 1 saba zinakuwa 2 kila moja na kufanya 14, na zile nane zisizoguswa zinabaki 8. Jumla 30. Inagawanyika kwa 10, basi huenda ni kadi. Kwa bahati tu, namba moja kati ya kumi itapita hata kama si kadi, kwa hiyo kinachobaki kiangalie kwa macho.

Ukizikuta, usikimbilie kufuta zote kwa pupa kama kuna usajili unaozitegemea. Zihamishie kwanza kwa kampuni ya malipo, ile inayokukatia kadi za wateja (hatua ya 3), thibitisha tokeni, yaani majina ya bandia ya kadi, zimerudi, kisha futa faili, pipa la taka na nakala za akiba. Za CVV hazihamii kokote, futa leo. Na mteja akikutumia picha ya kadi kesho, mjibu katika ujumbe mpya usiobeba picha yake, mwelekeze kwenye ukurasa wa malipo, kisha futa ule wa kwanza.

Hatua ya 3: Pata tokeni, usipate namba

Tokeni ni jina la bandia la kadi. Mteja anaandika namba yake, namba inakwenda moja kwa moja kwa kampuni ya malipo, na wewe unarudishiwa mfululizo wa herufi usio na maana kwa mtu mwingine. Mwizi akiiba hifadhidata yako yote, tokeni zile haziwezi kununua chochote kwingine, maana zinafanya kazi kupitia akaunti yako tu.

Hoja yote iko kwenye "moja kwa moja". Kama fomu ya kadi ni ya kwako, na namba inapita kwenye seva yako sekunde mbili tu kabla ya kwenda kwa kampuni ya malipo, basi umeishika kadi na masharti yote yanakuhusu. Tumia njia mojawapo kati ya mbili: mpeleke mteja kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo kisha arudi, au weka visanduku vyao ndani ya ukurasa wako kwa fremu. Kwa njia ya pili mteja haoni tofauti, lakini kisanduku cha namba kinaishi kwenye seva yao. Tofauti utaiona siku ya kujaza fomu ya kila mwaka ya kujitathmini. Aliyekabidhi kazi yote nje kwa kawaida hujaza SAQ A, ambayo ni fupi. Anayetunza namba mwenyewe anajaza SAQ D, na hiyo utaifanya kwa wiki kadhaa huku ukitafuta mtaalamu wa kukushika mkono.

Kabla ya kusaini na kampuni ya malipo, waulize swali ambalo wauzaji wao hawapendi kulisikia: nikihama, mtanipa kadi zangu? Tokeni zao hazina kazi kwa kampuni nyingine. Kampuni nzuri itakubali kuzihamisha namba halisi kwenda kwa kampuni mpya iliyokaguliwa, kwa njia salama, bila wewe kuzigusa. Isiyokubali imekufunga kamba, na siku ukitaka kuondoka itabidi umwombe kila mteja aandike kadi upya. Wengi hawataandika. Pata jibu hilo kwa maandishi.

Swali la pili: wanatumia tokeni za Visa na Mastercard zenyewe? Hizi ni tofauti na tokeni ya kampuni ya malipo. Zinatolewa na mtandao wa kadi, na faida yake ni kwamba kadi ya mteja ikiisha muda au ikipotea na benki ikampa mpya, tokeni inaendelea kuishi. Kama hawana, waulize kama wana huduma ya kusasisha namba za kadi, ambapo benki zinazoshiriki hutoa namba mpya kabla hujajaribu kukata ya zamani. Ukiwa na usajili mwingi, hili peke yake litakuokolea wateja ambao wangepotea bila hata wao kujua.

Kwenye hifadhidata yako, rekodi ya mteja mmoja itosheke na hivi:

mteja: 20714
tokeni: (herufi ulizorudishiwa)
aina: Visa, inaishia 1111
kuisha: 08/2028
kazi: usajili wa kila mwezi
ruhusa: 3 Machi, saa 4:12 asubuhi, maandishi toleo la 3
muamala wa kwanza: (namba kutoka mtandao wa kadi)

Mbili za mwisho ndizo watu husahau, na ndizo zenye thamani kuliko zote siku ya ugomvi.

Hatua ya 4: Omba ruhusa kwa maneno yanayoeleweka

Weka kisanduku ambacho mteja anatia tiki mwenyewe. Kisije kimeshatiwa. Maandishi yaseme kadi ipi, kwa kazi gani, kiasi gani au kinavyokokotolewa, lini, na namna ya kusimamisha. Mfano:

"Nakubali kadi inayoishia 1111 itunzwe na ikatwe ada ya usajili tarehe 3 ya kila mwezi hadi nitakaposimamisha. Ada ikibadilika nitaarifiwa kwa barua pepe siku 7 kabla. Naweza kusimamisha wakati wowote kwenye Akaunti yangu, sehemu ya Malipo."

Haya yasifichwe ndani ya vigezo na masharti ya kurasa ishirini. Mara tu baada ya tiki, mtumie barua pepe yenye maneno hayohayo. Kila ukibadilisha maandishi, yape namba ya toleo na tunza yale ya zamani, maana mteja wa mwaka jana alikubali ya mwaka jana. Kama unatoa kipindi cha majaribio bila malipo, kanuni za Visa tangu Aprili 2020 zinataka mteja akumbushwe angalau siku 7 kabla ya makato ya kwanza baada ya majaribio kuisha. Wenye maduka huogopa ukumbusho huo utawafukuza wateja. Kweli, baadhi wataondoka. Ni afadhali waondoke hapo kuliko waende benki kulalamika, pesa irudishwe kwa nguvu, na wewe utozwe ada ya pingamizi juu yake.

Angalia pia sheria za nchi walipo wateja. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya PSD2 inadai mteja athibitishwe na benki yake kwa njia mbili anapoanzisha makubaliano ya aina hii. India imekwenda mbali zaidi: kuanzia 1 Oktoba 2022, benki kuu yao, Reserve Bank of India, haimruhusu mfanyabiashara wala kampuni ya malipo kutunza namba halisi ya kadi, inabaki kwa benki iliyotoa kadi na mtandao wa kadi tu.

Hatua ya 5: Malipo ya kwanza yafanye mteja akiwepo

Hapa ndipo CVV inafanya kazi yake, mara moja, na kusahaulika. Hapa pia ndipo mteja anathibitisha kupitia 3-D Secure, ile skrini ya benki inayoomba namba ya siri ya muda au idhini ndani ya programu ya benki. Kama siku hiyo hakuna cha kulipia, tuma ombi la kiasi cha sifuri: benki inasema kadi ni hai bila kukata kitu.

Katika ombi hilo weka alama kwamba kadi inatunzwa, na kwa kazi ipi. Mtandao wa kadi utarudisha namba ya muamala. Itunze. Kila utakapokata baadaye mteja hayupo, ombi lako liseme "mimi ndiye ninayeanzisha" na libebe namba ile ya kwanza, ili benki ione uzi unaorudi hadi siku mteja alipokubali. Duka lisiloweka alama hizi huona makato mengi yakikataliwa na kudhani wateja wameishiwa, kumbe benki inaona ombi lisilo na CVV, lisilo na mteja, na lisilo na historia. Wewe ungekuwa benki ungekubali?

Hatua ya 6: Kadi ikikataa, soma sababu kabla ya kujaribu tena

Jibu la benki huja na msimbo. 51 ni salio halitoshi: subiri siku kadhaa, ikiwezekana vuka mwisho wa mwezi, kisha jaribu. 54 ni kadi imeisha muda: angalia kama kuna taarifa mpya, la sivyo mwandikie mteja. 41 ni kadi iliyopotea na 43 iliyoibwa: acha kabisa, usijaribu hata mara moja zaidi. 05 inamaanisha benki imekataa bila kueleza, na kwa kweli hakuna aijuaye maana yake zaidi ya benki yenyewe. Jaribu mara chache kwa nafasi, kisha mwombe mteja awapigie.

Visa inaruhusu majaribio 15 tu ya ziada ndani ya siku 30 kwa malipo yaleyale yaliyokataliwa, na kwa misimbo kama 41 na 43 hairuhusu hata moja. Hata hizo 15 ni nyingi mno kwa maoni yangu. Nne zilizopangwa vizuri zinatosha, na mteja aandikiwe baada ya ile ya kwanza, kwa lugha ya upole: kadi ikikataa huwa ni aibu kwa watu.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa la upande mwingine. Programu yangu ya kukata pesa usiku ilikwama katikati ya orodha. Asubuhi nikaiwasha upya, nayo ikaanza tangu jina la kwanza. Nusu ya wateja wakakatwa mara mbili, na nilishinda siku mbili nikirudisha pesa na kuomba radhi. Dawa yake ni rahisi: kila makato yapewe kitambulisho cha pekee unachokitunga wewe, mfano namba ya mteja pamoja na mwezi, na ukitume kwa kampuni ya malipo pamoja na ombi. Ombi likija mara ya pili na kitambulisho kilekile, watakurudishia jibu la kwanza bila kukata tena. Kampuni nyingi za malipo zina kipengele hiki. Tafuta kwenye maelekezo yao kabla hujaandika mstari wa kwanza.

Hatua ya 7: Linda milango iliyobaki

Namba huna, lakini mwizi bado ana njia tatu. Ya kwanza ni ukurasa wako wa malipo. Skripti moja ya kigeni (kijiprogramu kinachofanya kazi ndani ya ukurasa), labda ya matangazo au ya takwimu, ikigeuzwa na mhalifu inaweza kuchora fomu bandia juu ya fremu halali. Orodhesha kila skripti iliyo kwenye ukurasa huo, toa isiyo ya lazima, na weka ulinzi unaokuarifu ikibadilika.

Ya pili ni fomu ya kuongeza kadi. Wezi wenye maelfu ya namba za wizi hupenda mahali panapothibitisha kadi kwa kiasi cha sifuri, maana mwenye kadi haoni makato. Usiruhusu akaunti iongeze kadi zaidi ya chache kwa siku, na ukiona kadi nyingi zinakataliwa kwa mfululizo funga mlango kwanza, uliza baadaye.

Ya tatu ni akaunti ya mteja. Aliyeiba nenosiri lake anakuta kadi iko tayari. Anwani ya kupokea mzigo ikibadilika, au kifaa kikiwa kigeni, omba CVV upya kabla ya kukubali oda. Na akaunti zenu za usimamizi, pamoja na zile funguo za siri za kuunganisha mfumo na kampuni ya malipo, ziwe na uthibitisho wa hatua mbili na zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi.

Hatua ya 8: Kufuta kuwe kufuta kweli

Mteja awe na kitufe cha kuondoa kadi, mahali palepale alipoiweka. Kitufe hicho kifanye mambo mawili: kitoe rekodi kwako, na kiagize kampuni ya malipo iiue tokeni. Maduka mengi hufanya la kwanza tu. Kadi haionekani kwenye skrini lakini ingali hai kule. Ushahidi wa ruhusa na wa miamala iliyopita tunza kwa muda wa pingamizi, ambao kwa malalamiko mengi ni siku 120, au zaidi kama sheria ya kodi inakudai.

Ukimaliza kuunganisha yote, fungua akaunti ya mteja wa majaribio, weka kadi, nunua kitu, kisha iondoe. Nenda upande wa mfumo ujaribu kukata pesa kwa tokeni ileile. Ikikubali, rudi kwenye msimbo wa kitufe.